Nyimbo mnazo, mwendo bado: jibu kwa kikundi cha ngoma cha Moshi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma za asili hapa Majengo, Moshi. Tuko vijana kumi na wanne. Tunacheza hotelini kwa watalii wanaopanda mlima, kwenye harusi, na siku za sherehe za serikali. Tuna nyimbo zaidi ya thelathini: za Kichagga, sindimba, lizombe, bugobogobo, mdumange, na za Kimasai mbili tatu. Nyingi tumezitoa kwenye simu, na nusu yetu hatusemi Kichagga, kwa hiyo nyingine tumeziweka Kiswahili. Juzi tulialikwa kwenye kipaimara huko Uru. Tulipomaliza, mzee mmoja akatuambia: "Nyimbo ni zetu, ila hamchezi kama sisi." Tangu siku hiyo tumegawanyika. Wapo wanaotaka tutafute nyimbo za zamani zaidi, eti ndizo zitatupa uasili. Wapo wanaosema tupunguze nyimbo tujifunze kucheza. Na mmoja anataka tununue kinanda. Tufanye lipi?

Jibu:

Marahaba, dada. Punguzeni nyimbo. Kwa kikundi cha watu kumi na wanne chenye nyimbo za makabila sita, mimi ningebaki na ngoma mbili tu za kufanyia kazi mwaka mzima, moja ikiwa ya huko huko Kilimanjaro. Hizo nyingine wekeni kabatini, hazitaoza. Kinanda nitakifikia.

Wimbo unaingia kichwani kwa jioni moja. Mnasikiliza simu, mnanakili maneno, mnashika kiitikio, kesho mnauimba. Namna ya kuupiga na kuucheza haiji hivyo. Namna ni mpigaji kujua asubiri lini. Ni mkono upi ubane ngozi na upi uiachie. Ni waitikiaji kuingia wakati mwimbishaji bado yuko kwenye neno la mwisho, au kumwacha amalize kwanza. Ni mchezaji kukanyaga juu ya pigo au nyuma yake kidogo. Mambo haya hakuna anayeyaandika, na wenyewe wakiulizwa hukujibu "tunapiga tu hivi". Ndiyo maana mzee wa Uru hakuwatajia kilichopungua. Alisikia tu kwamba hapo si kwao.

Tabia ya kuhesabu ngoma hamkuianzisha ninyi, na ni vizuri mjue ilikotoka. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo alilalamika kwamba wengi wetu tumejifunza rumba, chachacha, twist na hata waltz, lakini ni wangapi wanaoweza kucheza, au wamewahi japo kusikia, gombesugu, mangala, kiduo au lelemama. Lilikuwa lalamiko la haki. Ila tazama lilivyokaa: majina ya ngoma zetu upande huu, majina ya dansi za wageni upande ule, kila ngoma jina moja. Kazi iliyofuata ilichukua sura hiyo hiyo. Kikundi cha taifa cha ngoma cha miaka ya 1960 kilikusanya ngoma za mikoa, na wachezaji wale wale wakafundishwa kuzicheza zote, moja baada ya nyingine, mbele ya wageni wa serikali. Shule zikafuata na mashindano yakafuata. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na kizazi kizima cha walimu wa ngoma kikapitia huko, mimi nikiwa mmoja wa waliofundishwa na waliofundishwa huko.

Siibezi kazi ile; bila hiyo huenda leo mtoto wa Moshi asingejua kwamba Mtwara kuna kitu kinaitwa sindimba. Lakini angalia sindimba yenyewe. Kwa Wamakonde ni ngoma iliyofungamana na jando na unyago. Ina ngoma kadhaa za sauti tofauti zinazoongea, na mchezaji anazisikiliza. Ilipotembea nchi nzima, kilichosafiri ni kiuno. Mazungumzo ya ngoma yalibaki nyumbani. Leo kaa kwenye shoo ya hoteli yoyote Arusha au Moshi, fumba macho, usikilize ngoma peke yake bila maneno. Mara nyingi hutajua sindimba imeisha lini na lizombe imeanza lini. Mapigo ni yale yale. Yaliyobadilika ni maneno na mavazi. Kikundi hicho kina ngoma moja yenye majina sita, na hata hiyo moja haina kwao.

Kwamba nyimbo na namna ni vitu viwili, ushahidi mzuri uko Zanzibar. Taarabu ya kukaa kitako, ile ya vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanza 1905, ni ya kusikiliza: fidla kadhaa, udi, ganuni, watu wametulia, aliyeguswa anainuka kwenda kutunza. Kidumbak huchukua nyimbo zile zile. Ila hapo utakuta fidla moja, sanduku lenye uzi mmoja badala ya besi, ngoma ndogo mbili ambazo ndizo vidumbak vyenyewe, cherewa na mkwasa. Nyimbo zinaungwa moja kwa nyingine bila kusimama, mwendo unazidi kupanda, na kina mama harusini hawakai chini. Mtu anaweza kuujua wimbo wa taarabu mwanzo hadi mwisho, akakaa kwenye kidumbak na asijue aingilie wapi. Wimbo ni ule ule. Ila sasa unapigiwa miguu.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo uko Usukumani, na huko ndiko ningependa wenzako wa "nyimbo za zamani zaidi" watazame. Wasukuma wana pande mbili za wachezaji zinazoshindana tangu zamani, Bagika na Bagalu, zilizopata majina kwa wachezaji-waganga wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi, vikundi vya pande hizo hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu upande wake. Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, mashindano haya hufanyika wakati wa sikukuu ya Bulabo. Kwa utaratibu huo, manju, yaani mtunzi na mwimbishaji, anayekuja na nyimbo za mwaka jana amekwisha shindwa kabla hajafungua mdomo. Anatunga mpya. Wachezaji nao wanabuni vituko vipya, wengine wakiwa na nyoka shingoni. Hakuna mzee anayesimama kusema hii si ngoma ya Kisukuma kwa sababu wimbo umetungwa mwezi wa nne. Wanachokikagua wazee ni kingine: mguu, pigo, jinsi kundi linavyopokea sauti ya manju. Basi umri wa wimbo haumpi mtu uasili. Wimbo wa miaka mia ukipigwa kwa pigo la hotelini ni wimbo wa hotelini.

Sasa hizo za Kimasai mbili tatu. Nakisia mnazipigia ngoma. Kama nimekisia sawa, ziondoeni kwenye shoo leo, msingoje kesho. Uimbaji wa Kimasai kwa asili hauna ngoma. Olaranyani anaongoza, wengine wanashikilia chini yake sauti fupi za kooni zinazorudiarudia, kila mmoja na yake, na pumzi za vijana ndizo zinazoshika mapigo. Anayeruka huinuliwa na sauti za wenzake, nazo hupanda kadiri anavyopanda. Ukiweka ngoma hapo umeziba kitu chenyewe, umebaki na maneno na rungu. Na Wamasai si watu wa mbali. Wako Longido, wako Simanjiro, wako stendi ya Arusha saa hii. Kuwaiga vibaya mbele ya watalii huku wenyewe wanapita nje ya geti ni jambo ambalo mimi, kwa kweli, huwa naona aibu nikiliona.

Nisieleweke kwamba maneno ya wimbo hayana kazi. Lugha za Kichagga, iwe ya Vunjo, ya Machame au ya Rombo, hutofautisha maana kwa sauti kupanda na kushuka, jambo ambalo Kiswahili hakina. Mahadhi ya wimbo wa Kichagga yamejengwa humo: neno likishuka, sauti ya mwimbaji nayo huelekea kushuka, vinginevyo msikilizaji anapotezwa. Kiswahili hukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, bila huruma. Mkiuweka wimbo Kiswahili, mkazo unahama. Mwimbaji anahama nao, mpigaji anamfuata mwimbaji, mchezaji anamfuata mpigaji, na mwisho kikundi kizima kimehama nyumba bila mtu kutoa taarifa. Kwa hiyo katika ngoma yenu ya Kilimanjaro rudini kwenye Kichagga, hata wale wasiokisema. Si lazima mtu awe mjuzi wa lugha. Ajifunze maneno ya wimbo ule kwa bibi anayekisema, ayatamke kama anavyoyatamka yeye kabla hajayaimba. Mkitaka wimbo wa Kiswahili, tungeni wenu mpya juu ya pigo mlilokwisha kulimudu. Hiyo ni halali kabisa, na ni bora kuliko tafsiri.

Kuhusu simu. Kujifunza kwa kurekodiwa si dhambi, na matokeo yake yamekwisha onekana kwingine. Michael Coleman, mpiga fidla wa kaunti ya Sligo, magharibi mwa Ireland, alihamia Marekani mwaka 1914. Kati ya 1921 na 1936 alirekodi santuri nyingi huko, kila upande ukibeba kama dakika tatu. Santuri zikavuka bahari kurudi Ireland. Wapigaji wa kaunti nyingine, ambao walikuwa na mkono wao na mapambo yao, wakaanza kupiga kama mtu wa Sligo, tena kama mtu wa Sligo mmoja. Hata leo kuna nyimbo tatu ambazo wapigaji wa huko huziunganisha kwa mfuatano ule ule wa upande mmoja wa santuri yake, kana kwamba zilizaliwa hivyo. Coleman alikuwa fundi, hakuna ubishi, na santuri zake ziliokoa mengi katika miaka ambayo muziki ule ulikuwa umedharauliwa. Lakini dakika tatu za mtu mmoja zilichukua nafasi ya namna za watu wengi.

Klipu yenu ya simu ni santuri hiyo hiyo, tena ni ndogo zaidi. Hamjui waliocheza walipewa dakika ngapi na mpiga picha. Mara nyingi kamera inawafuata wasichana waliovaa vizuri, na mtu wa ngoma ndogo hayumo kabisa kwenye picha. Mnajifunza kutoka kwa shoo ili mfanye shoo. Atakayewarekodi ninyi naye atajifunza kwenu.

Wahungaria walikutana na swali lenu hasa, na walichofanya kinawafaa. Nyimbo za vijijini walikuwa nazo tele. Watunzi wao wawili wa muziki, Bartók na Kodály, walianza kuzikusanya miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Baadaye serikali ikawa na vikundi vikubwa vya jukwaani, okestra yenye wasomi wa muziki, wachezaji waliopangwa hatua kwa hatua. Sisi hatuhitaji kuelezwa zaidi, tunaifahamu hali hiyo. Kisha vijana wawili wa Budapest, Béla Halmos na Ferenc Sebő, wakajifunza kwa wapigaji wa kijiji cha Szék, Transylvania, ndani ya Romania, ambako dansi zile zilikuwa bado maisha ya kawaida. Kilichowashangaza wanaoingia kwenye muziki ule ni kwamba fidla inayobeba wimbo siyo inayowachezesha watu. Anayewachezesha ni mtu wa kontra, fidla ya pili yenye nyuzi tatu na daraja bapa, ili upinde uzikamate nyuzi zote kwa pamoja, akisaidiwa na besi. Hawa wawili hawapigi wimbo wowote. Wanasukuma na kuvuta upinde, na kila aina ya dansi ina msukumo wake. Wakusanyaji wa mwanzo waliandika zaidi mahadhi ya nyimbo, kwa hiyo msukumo ule ulibaki nje ya vitabu.

Mei 1972 Budapest ilipata usiku wake wa kwanza wa dansi wa namna ya Szék, na muda si mrefu mikusanyiko ya aina hiyo ikawa wazi kwa yeyote: muziki unapigwa mbele yako, unafundishwa hatua, unacheza. Hapana jukwaa. Walisaidiwa sana na mtafiti wa dansi György Martin, aliyeonyesha kwamba mwanakijiji hakariri dansi nzima. Ana vipande vidogo vidogo kichwani na miguuni, naye huvipanga papo hapo kadiri muziki unavyompeleka. Aliyejifunza vipande na kanuni ya kuviunga anaweza kucheza usiku kucha bila kurudia. Aliyekariri mpangilio wa jukwaani anaishiwa baada ya dakika nane. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza njia hiyo kwenye rejesta yake ya mifano bora ya kulinda urithi.

Kwenye kikundi chenu, nani ni mtu wa kontra? Mimi ningetafuta kwenye ngoma ndogo, njuga na makofi. Ngoma kubwa kila kijana anaitaka, inaonekana, inapigiwa vigelegele. Ngoma ndogo isiyobadilika hukabidhiwa yule aliyechelewa mazoezini. Geuzeni. Mwekeni hapo mpigaji wenu bora kwa miezi mitatu, akae bila kupamba chochote, na mwenye ngoma kubwa ajifunze kumwegemea. Nusu ya "hamchezi kama sisi" itaondoka hapo kabla hamjaenda popote.

Halafu kila mpigaji acheze. Namaanisha ashuke, avae njuga, acheze ngoma ile mpaka jasho limtoke, ndipo arudi kwenye ngoma. Wachezaji nao washike ngoma ndogo kwa zamu, wapige vibaya, haidhuru. Katika vikundi vya mjini tumegawana kazi kama ofisi: wapigaji kule, wachezaji huku, na kiongozi akipuliza filimbi ndipo hatua inabadilika. Mkiwa mnajua pande zote mbili, filimbi inakosa kazi, kwa sababu mchezaji akiinua bega tu mpigaji ameona.

Na mpige kwa muda mrefu. Hoteli inawapa dakika kumi kabla ya chakula cha jioni, na ninyi mmezoea kufika kileleni dakika ya pili. Mazoezini piga ngoma moja nusu saa bila kukata. Dakika kumi za kwanza zitakuwa kavu na mtachoshana. Baadaye kitu kinaanza kukaa, watu wanaacha kuhesabu, na mwimbishaji anaanza kuchomeka maneno yake. Hapo ndipo namna inapokomaa, na ndicho ambacho klipu ya simu haiwezi kuwa nacho.

Mkitaka kujipima, msiulize watu kama imependeza. Mwambieni mwimbishaji amtaje kwenye wimbo mgeni aliyeingia sasa hivi, jina lake na shati lake. Kama kiitikio kinapokea na ngoma haitetereki, mmeanza kuwa na ngoma. Kama kila mtu anageuka kumtazama kwa mshangao, bado mna nyimbo tu.

Kwa mzee wa Uru nendeni, lakini kwa adabu na kwa akili. Adabu: mtangulize mtu anayefahamika pale, msiende kundi zima, msitoe simu mkamrekodi kabla hata hamjakaa. Msimwombe nyimbo, akianza kuwapa nyimbo mtatoka na orodha nyingine. Mwombeni mpige naye na mcheze naye, awakatize anapoona kosa. Mahali atakapowakatiza mara nyingi zaidi ndipo pa kufanyia kazi. Waulizeni na kina bibi, ambao vikundi vyetu huwasahau kwa kuwa hawashiki ngoma. Mengi ya makofi, vigelegele na kuitikia yako kwao. Desemba, watu wa Dar wakirudi mlimani kwa Krismasi na kila ukoo una shughuli, mtaona mengi kwa wiki moja kuliko mwaka mzima wa kutafuta mtandaoni.

Akili: mzee mmoja si mlima mzima. Kilimanjaro ilikuwa na mamangi (machifu) wengi, kila mmoja na watu wake. Mangi Mkuu wa Wachagga wote, Thomas Marealle, alipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950 tu. Anachokiita "sisi" mzee wa Uru kinaweza kumshangaza mzee wa Rombo. Msijaribu kuwapatanisha. Chagueni sehemu moja, semeni wazi kwamba mnacheza ya huko, na mtu wa Marangu akilalamika mkaribisheni aje awafundishe ya kwao. Kosa baya zaidi ni kuchanganya mguu wa huku na pigo la kule mkaita "ngoma ya Kichagga".

Tafuteni pia mahali ambapo nyimbo zilipotea na namna ikabaki. Wamisionari na wazee wa kanisa waliwazuia waumini ngoma kwa miaka mingi, na mlimani kanisa lilikuwa na nguvu. Lakini mwili hausahau haraka kama mdomo. Kwa Wakatoliki ngoma zilirudi kanisani baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, na Dodoma kwaya za Kigogo huimba Injili kwa sauti ambazo Mgogo yeyote anazitambua. Nendeni Jumapili kwenye parokia ya kijijini, mkae nyuma, mtazame jinsi kina mama wanavyopeleka matoleo. Maneno ni ya kanisa. Mguu sina hakika kama ni wa kanisa.

Hoteli msiiache, kodi ya nyumba hailipwi kwa uasili. Shoo ya dakika kumi endeleeni nayo, ila itengeni na ngoma mnayoilea, na mtangazaji wenu aseme ukweli: hii ni sindimba ya Wamakonde, sisi ni vijana wa Moshi tumejifunza. Mtalii hatapungukiwa na chochote, na Mmakonde akiwepo ukumbini hatawachukia.

Kinanda hapana, na si kwa sababu ya ushamba. Sauti za kinanda zimepangwa kwa vipimo sawasawa ambavyo nyimbo nyingi za asili hazivifuati. Mfano ulio wazi ni wa Wagogo: marimba ya vidole, ilimba, ile iliyomtangaza Hukwe Zawose duniani mpaka alipofariki 2003, pamoja na uimbaji wao, hufuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi mmoja unaotikisika. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya kitufe cha kinanda kilicho karibu nayo kwa karibu theluthi ya nusu toni. Haionekani kuwa kubwa, lakini kwaya ikishakizoea kinanda, sauti ile hairudi, na wimbo wa Kigogo unageuka kuwa wimbo wa kwaya yoyote. Pili ni pigo: mdundo uliotegeshwa kwenye kinanda haumsubiri mchezaji, na ninyi ndiyo kwanza mnajifunza kusubiriana. Aliyependekeza kinanda mpeni kazi nyingine inayomfaa mtu anayependa vifaa: achukue kinasa sauti, awarekodi mkiwa mazoezini, kila chombo peke yake kisha vyote pamoja, ili muweze kusikia ni nani anayekimbia. Na hela mliyotenga itumieni kuwamba upya ile ngoma ndogo. Nina wasiwasi ngozi yake imelegea siku nyingi na mnaipasha moto kila shoo.